Daftari, benchi, jokofu au mlango wa nyumba: upime wapi chanjo za kituo cha kijijini?

Kwenye kikao kimoja cha robo mwaka niliona kata moja imeandikiwa asilimia 118 ya Penta ya tatu, yaani dozi ya tatu ya chanjo inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, na watu wakapiga makofi. Haikupita miezi mitatu, kata hiyohiyo ikaanza kuleta watoto wenye surua. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Watoto walichanjwa kweli, ila idadi ya walengwa (watoto waliotakiwa kuchanjwa) waliyogawia ilitokana na makadirio ya sensa ya 2012, na tangu hapo kijiji kilikuwa kimejaa wachimbaji wadogo, wake zao na watoto wao. Mwaka 2012 Tanzania nzima ilihesabiwa watu 44,928,923. Sensa ya 2022 ikakuta 61,741,120. Hao karibu milioni 17 walioongezeka hawakugawanyika sawasawa kila kijiji. Kwenye machimbo walimiminika, kwingine wenyeji waliondoka. Ukigawa watoto wa leo kwa makadirio ya jana, kituo kimoja kitaonekana bingwa na jirani yake mzembe, kumbe wote wawili wanafanya kazi ileile.

Na Penta yenyewe si chanjo ya surua. Hilo nalo lilipita kikaoni bila mtu kuuliza.

Makala haya ni ya mtu aliyepewa kazi ya kutathmini chanjo za kawaida za watoto kwenye zahanati au kituo cha afya kijijini: mratibu wa chanjo wa wilaya, mganga mfawidhi anayetaka kujijua, mwanafunzi wa afya ya jamii, au mjumbe wa kamati ya kituo aliyechoka kusomewa asilimia. Unazo siku chache, pikipiki na mafuta ya kuhesabu. Uanzie wapi? Njia zinazotumika zaidi ni nne: kusoma daftari, kukaa benchi na akina mama, kukagua jokofu na chumba cha sindano, au kwenda nyumba kwa nyumba. Niseme mapema upande niliopo. Wengi hukimbilia nyumba kwa nyumba kwa sababu ina sura ya utafiti, nayo ndiyo inayokwambia machache kuliko zote kuhusu kituo chenyewe.

Kwa asiyeijua ratiba yetu kwa kichwa, msingi wake ni huu: mtoto akizaliwa anapata BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio, wiki ya 6, 10 na 14 anapata Penta, PCV (ya nimonia) na matone, rota (ya kuhara) ikiingia kwenye mahudhurio mawili ya mwanzo na sindano ya polio wiki ya 14, halafu surua-rubela miezi 9, na ya pili miezi 18. Kati ya wiki ya 14 na miezi 9 kuna pengo refu ambalo akina mama wengi huamini ndio mwisho wa safari. Weka pengo hilo akilini, tutalirudia.

| | Daftari | Benchi | Jokofu na chumba cha sindano | Nyumba kwa nyumba |
|---|---|---|---|---|
| Linajibu nini | Wangapi walianza, wangapi walipotea njiani | Waliokuja wanatendewaje, nani anarudishwa bila sindano | Je, kinachodungwa bado ni chanjo? | Nani hajawahi kufika kabisa |
| Linaficha nini | Asiyeandikwa | Asiyekuja | Yote yaliyo nje ya chumba | Sababu za ndani ya kituo |
| Ni habari ya lini | Mwezi uliopita | Leo | Siku 30 zilizopita | Mwaka uliopita au zaidi |
| Muda | Nusu siku | Asubuhi mbili za kliniki | Saa mbili | Siku moja kwa kata, au wiki kadhaa kwa wilaya |

Daftari

Kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) cha watoto, karatasi ya tali na nakala ya taarifa ya mwezi vipo kila kituo, na kuvisoma ni bure. Lakini soma unachotafuta. Watu wengi hufungua kitabu kutafuta asilimia ya walengwa, yaani namba ileile iliyotuponza kwenye kikao. Mimi namba hiyo huiacha kwanza. Natafuta watoro, kwa sababu hesabu ya watoro haihitaji sensa ya mtu yeyote: unachukua waliopata Penta ya kwanza, unatoa waliopata ya tatu, unagawa kwa wale wa kwanza. Ikizidi asilimia 10, kuna jambo.

Chukua vituo viwili vya mfano, kila kimoja kikiwa na walengwa 240 kwa mwaka. Cha kwanza kilitoa Penta ya kwanza kwa watoto 228 na ya tatu kwa 183. Cha pili kilitoa ya kwanza kwa 150 na ya tatu kwa 144. Ukitazama Penta ya tatu peke yake, kituo cha kwanza kina asilimia 76 na cha pili 60, na bila shaka mzigo wa lawama utapelekwa kwa cha pili. Sasa hesabu watoro. Kituo cha kwanza kimepoteza watoto 45 kati ya 228, karibu asilimia 20. Cha pili kimepoteza 6 tu, asilimia 4.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kituo cha pili hakina tatizo na akina mama wanaofika: mama akishafika mara ya kwanza anarudi mpaka mwisho. Shida yake ni watoto 90 ambao hawakukanyaga kabisa, pengine ng'ambo ya mto au kwenye kitongoji kilicho mbali na barabara. Dawa yake ni huduma ya mkoba, yaani kuzipeleka chanjo hukohuko waliko. Kituo cha kwanza kinafikika, karibu kila mtoto alifika angalau mara moja, lakini kuna kitu kinachowakatisha tamaa wasirudi. Ukikipelekea pikipiki ya huduma ya mkoba umetibu kichwa kwa anayeumwa tumbo. Hapo inabidi ukakae benchi.

Kabla hujaamini namba hizo, fanya jambo moja linalochosha lakini linalolipa: chukua mwezi mmoja, hesabu upya mwenyewe kwa kidole, mstari kwa mstari, waliopata Penta ya tatu kitabuni, kisha linganisha na taarifa iliyopelekwa wilayani. Kitabu kikitoa 52 na taarifa ikasema 70, umepata asilimia 74, maana yake taarifa imezidishwa. Ikizidi 100, kituo kinajipunja: sindano zimetolewa na hazikuripotiwa. Nimekutana na zote mbili, na mara nyingi chanzo si hila. Nesi mmoja anachoma, anapiga vijiti vya tali, anaandika kadi, anaandika kitabu, huku watoto 40 wanalia. Akichoka, kitabu ndicho kinachosubiri jioni, na jioni hiyo kuna mama anajifungua.

Mikoa iliyopata rejesta ya kielektroniki, Arusha ikitangulia kisha Tanga na Kilimanjaro, ina nafuu moja kubwa: mtoto anatambulika kwa jina na tarehe, na orodha ya watoro inajitengeneza yenyewe. Kwenye kitabu cha karatasi lazima uifukue. Ila tableti yenye chaji asilimia 3 na mtandao unaokuja na kwenda huzaa tatizo lake: kazi inafanyika mara mbili, karatasini na kwenye tableti, na baada ya muda moja inasahauliwa. Ukikuta kituo chenye vyote viwili, hesabu vyote viwili.

Benchi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote, nami nakushauri hivyohivyo.

Usikae kando ya nesi. Kaa kwenye lango, au chini ya mti ambapo akina mama hupumzika kabla ya kuanza safari ya kurudi, na uwe na karatasi yenye safu mbili: walioingia na mtoto, na waliotoka na sindano. Tofauti ya safu hizo mbili huwezi kuipata kwenye daftari lolote nchini.

Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni ukubwa wa chupa. Chupa ya surua-rubela ina dozi 10, ya BCG ina 20. Zote mbili ni unga unaochanganywa na maji yake, na zikishachanganywa zinatakiwa kutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapofungwa, lolote litakalotangulia. Wakifika watoto wawili wa miezi 9, nesi anajua akifungua chupa atamwaga dozi 8. Anawaambia warudi Alhamisi, siku ya surua. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini mweke mtu kwenye kiti cha yule nesi: dozi alizomwaga zinaandikwa, zinajumlishwa, na mwisho wa mwezi anaulizwa. Mtoto aliyerudishwa haandikwi popote.

Nilimwona mama mmoja akigeuzwa namna hiyo. Alikuwa ametoka kitongoji cha mbali, amevaa ndala zilizoshonwa kwa waya, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Hakulalamika. Alikaa kidogo, akanyonyesha, akanyanyuka. Kwenye taarifa ya mwezi ule kituo kilikuwa na upotevu mdogo wa chanjo, na mtu asiyejua angekisifu.

Basi ukiwa benchi usiulize "Umeridhika na huduma?" Jibu lake ni moja nchi nzima: nzuri, tunashukuru. Uliza mambo ambayo adabu haiwezi kuyapamba. Mimi ni mtu mzima, kwa hiyo mabinti wengi hunianza kwa salamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu leo kachomwa ya nini?"

"Ya wiki ya kumi na nne."

"Nesi kakwambia urudi lini?"

Akaitazama kadi, akaigeuza. "Hajaniambia. Nadhani zimeisha."

Hazikuisha. Mtoto alikuwa bado na surua-rubela mbili mbele yake, na mahali pa tarehe ya kurudi palikuwa peupe. Mazungumzo hayo hayakufika dakika moja, na yalieleza watoro wa kituo kile kuliko grafu yoyote niliyoiona. Kila mama anapotoka anapaswa kujua mambo manne: mtoto kapewa nini, anaweza kupata nini baadaye (joto, uvimbe kidogo mahali pa sindano) na afanye nini, arudi lini, na kadi aitunze na kuja nayo. Uliza hayo manne kwa akina mama 20, andika ndiyo au hapana, na utakuwa na tathmini ambayo mganga mfawidhi anaweza kuifanyia kazi kesho yake asubuhi.

Halafu hamia upande wa pili wa jengo, kwenye foleni ya wagonjwa. Hapo kuna watoto walioletwa kwa kikohozi au homa. Omba kuona kadi zao. Utakuta wengine wamepitiliza tarehe ya chanjo kwa wiki kadhaa, na wamepita mbele ya wahudumu wawili watatu bila yeyote kuuliza kadi. Mafua madogo si sababu ya kumnyima mtoto chanjo, lakini imani hiyo iko kwa wazazi na kwa wahudumu pia.

Udhaifu wa benchi unaujua tayari: unaongea na waliokuja. Wale 90 wa kituo cha pili hutawaona hata ukikaa mwaka mzima. Na siku uliyochagua ni muhimu. Ukienda siku ya surua utakuta hakuna anayerudishwa. Ukienda siku nyingine tu, utadhani wanarudishwa kila siku. Ndiyo maana nikasema asubuhi mbili.

Jokofu na chumba cha sindano

Wahudumu wakijua unatazama, hubadilika. Glovu zinatoka, mikono inanawa, sauti inakuwa laini. Jokofu halijui kuna mgeni.

Karatasi ya joto ubavuni mwa jokofu hujazwa mara mbili kwa siku, na chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukikuta mwezi mzima umeandikwa 4, 4, 4, asubuhi na jioni, Jumapili kwa Jumapili, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, usigombe. Fungua tu jokofu, toa kile kifaa kidogo cha kurekodi joto kinachotunza kumbukumbu ya siku 30, ukibonyeze kirudi nyuma siku kwa siku. Chenyewe hupiga kengele joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka chini ya hasi 0.5 kwa saa nzima. Weka kifaa na karatasi pamoja mezani. Havihitaji hotuba.

Wengi huhofia joto, nami nahofia zaidi kuganda. Kile kiashiria kilichobandikwa kwenye chupa, chenye mraba ndani ya duara, kinaonyesha joto pekee: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, ukifanana nalo au kuwa mweusi zaidi, tupa. Chupa iliyoganda usiku na kuyeyuka asubuhi ina mraba mweupe safi kabisa, na Penta au PCV iliyoganda imeharibika. Matone ya polio na surua-rubela hazidhuriki kwa kuganda, kwa hiyo ni kosa la kuharibu nusu ya jokofu huku nusu nyingine ikibaki nzima, na kwa macho hulioni kirahisi. Tazama mpangilio: Penta ikiwa imegusa ukuta unaogandisha, au kasha la kubebea chanjo likipakiwa barafu iliyotoka tu kwenye friza bila kuachwa ianze kuyeyuka, umepata cha kuandika.

Mengine yakague haraka. Chupa iliyofunguliwa ya Penta ina tarehe ya kufunguliwa? Inaruhusiwa hadi siku 28 kama masharti yametimia, na bila tarehe hakuna anayejua. Maji ya kuchanganyia ni ya mtengenezaji yuleyule na yamepoozwa? Sanduku la sindano zilizotumika limejaa kupita robo tatu? Shajala ya chanjo (kitabu cha kuandikia zilizoingia na zilizotoka) na chupa zilizomo ndani vinakubaliana? Saa mbili zinatosha, pamoja na chai utakayokaribishwa.

Kwa jambo moja njia hii inazishinda zote: daftari linaweza kuwa safi, akina mama wakaridhika, nyumba zikawa na kadi zilizojaa, na bado watoto wakawa wamechomwa maji. Lakini haikwambii lolote juu ya nani alikosa. Kituo chenye jokofu la sola linalong'aa na watoto wanne kwa wiki kitapata alama za juu.

Mlango wa nyumba

Kuna namna mbili, na watu huzichanganya.

Namna ya zamani, iliyoenea tangu miaka ya 1980, ni ya makundi 30 yenye watoto 7 kila moja, jumla 210 wa miezi 12 hadi 23. Ilitoa makadirio ya wilaya au mkoa yenye kosa la takriban pointi 10 juu au chini. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limehamia kwenye uchaguzi wa kaya ulio mkali zaidi kitakwimu, unaotaka ramani, orodha ya kaya na watu waliofundishwa. Kwa namna zote mbili jibu ni la wilaya, si la kituo. Ukitaka kujua kwa nini zahanati moja inapoteza watoto, watoto 7 waliookotwa kwenye kijiji chake hawana la kukueleza.

Namna ya pili ilitoka viwandani, kwa wakaguzi waliotaka kujua kama shehena ipokelewe au ikataliwe bila kufungua kila boksi. Kwenye chanjo unachagua watoto 19 kwa bahati nasibu kutoka eneo la kituo au kata. Kama lengo ni asilimia 80, watoto 13 au zaidi wakiwa wamepata, eneo limepita. Wakiwa 12 au pungufu, limeanguka. Usijaribu kugeuza 13 kwa 19 kuwa asilimia ya kata, watu watakucheka kwa haki. Kipimo hiki kinasema ndiyo au hapana tu, na kwa kuamua pikipiki iende wapi mwezi ujao hiyo inatosha. Ukiunganisha kata tano unapata watoto 95, na hapo unaweza kukadiria asilimia ya eneo zima, mradi uzingatie ukubwa wa kila kata. Mtu mmoja mwenye miguu mizuri, akiongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, humaliza 19 kwa siku.

Ugumu wa nyumbani ni kadi. Zipo zilizofungwa kwenye mfuko wa rambo wa kabla ya marufuku ya Juni 2019 zikakaa safi kama jana. Zipo zilizoliwa na panya. Nyingine iko kwa bibi, kijiji kingine. Bila kadi unategemea kumbukumbu ya mama, na kumbukumbu inachanganya kampeni na ratiba. Mwaka 2022, baada ya mgonjwa wa polio kugundulika Malawi, watu walipita mlango kwa mlango na matone. Ukimuuliza mama "Mtoto kapata matone?" anajibu ndiyo, na anasema kweli, lakini ni ya kampeni. Uliza mara ngapi, na wapi: kituoni au mlangoni. Kovu la BCG begani husaidia kidogo, ingawa si kila aliyechomwa huacha kovu.

Tena kumbuka unapima mwaka uliopita. Mtoto wa miezi 20 unayemkuta leo alikuwa na wiki 14 zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Pengine nesi aliyekuwepo kahamishwa na jokofu limebadilishwa.

Pamoja na hayo yote, nyumba ina kitu ambacho njia tatu za mwanzo hazitakupa kamwe: mtoto wa dozi sifuri, asiye na kadi wala mstari kitabuni. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa 2015-16 ulikuta asilimia 75 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi. Ukisoma Penta ya tatu peke yake katika utafiti huohuo utaona picha nzuri zaidi, na ndiyo maana ukimsikia mtu anataja asilimia ya chanjo, umuulize ni ya chanjo ipi na imepimwa wapi.

Kuchagua

Kama kituo chako kinafanana na kile cha kwanza, walioanza wengi na waliomaliza wachache, usipoteze mafuta kwenye nyumba. Daftari limeshakwambia tatizo liko ndani ya uzio, nenda benchi. Kikifanana na cha pili, benchi litakudanganya kwa upole wake, na utasikia sifa tupu. Chukua watoto 19 kutoka vitongoji vya mbali na uwaache wale wa kando ya barabara. Hapo utakuwa umevunja kanuni ya bahati nasibu ya eneo zima, kwa hiyo andika wazi kwamba umepima vitongoji hivyo tu.

Kama surua imezuka mahali ambapo karatasi zinasema watoto wamechanjwa, anza na jokofu na daftari la surua-rubela ya pili. Ugonjwa huu unataka kinga ya takriban asilimia 95 ili usisambae, na wanaoruka dozi ya miezi 18 huwa wengi kuliko kituo kinavyodhani. Kama wewe ni mwanafunzi na chuo kinataka "utafiti", najua utashawishika na dodoso la kurasa sita. Kurasa mbili na asubuhi mbili benchini zitakupa kazi bora zaidi, na mwalimu wako akibisha mwonyeshe safu zako za walioingia na waliotoka.

Wafugaji wanaohama na dago (kambi) za wavuvi ni habari nyingine. Daftari la kituo kimoja haliwafuati, nyumba zao huzikuti mahali palepale, na kwa hao mimi hutumia minada na mialo: siku ya mnada, kadi 19 za watoto walioletwa na mama zao. Kitakwimu si safi. Ni afadhali kuliko kuwaandika sifuri kwa kuwa hawakuwepo siku ya kuhesabiwa.

Mwenye wiki moja na kituo kimoja, mimi ningempangia hivi. Jumatatu daftari, hesabu ya watoro na mwezi mmoja wa kuhesabu upya. Jumanne benchi, kama si siku ya surua. Jumatano jokofu asubuhi na foleni ya wagonjwa mchana. Alhamisi, siku ya surua, benchi tena. Ijumaa watoto 19, ikiwa tu Jumatatu ilionyesha watu hawafiki. Jumamosi usiondoke na karatasi zako. Kaa na mganga mfawidhi, nesi wa chanjo na wajumbe wawili wa kamati mbele ya ile grafu ya ukutani ya Penta, mpe nesi kalamu, na umwachie yeye achore namba mlizohesabu pamoja.